Tupeane uzoefu: mnaojirikodi video mkirusha diski, mmegundua kosa gani?

Asalaam alaykum wana diski gofu (mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kikapuni) wa Unguja na Pemba. Kila nikikutana na mwenzangu pwani nasikia lile lile, "mkono nnauvuta sawa lakini diski haifiki". Basi nani kajirikodi, kaona nini, na karekebisha vipi? Naanza mie.

Niko Jambiani. Diski zangu kaniletea binamu yangu alioko Finland, shabaha ni pakacha nililolitundika kwenye mnazi, na uwanja ni pwani maji yakitoka, hasa bamvua bahari ikenda mbali kabisa (msirushe upande wenye kina mama wa mwani jamani, diski ya gramu 175 ikimpata mtu kichwani ni balaa). Nilikuwa nakwama mita 50 mwaka mzima na nnahisi kabisa mkono unakwenda nyuma ukanyooka kabla sijaivuta diski kupita mbele ya kifua. Siku nliyochomeka simu kwenye kifuu cha nazi kilichojaa mchanga nikajitazama, kumbe haunyooki hata kidogo, unanizunguka kifuani, na bega limeshafunguka, yaani limegeukia shabaha, kabla mguu wa mbele haujatua. Nilirudia klipu ile mara ishirini siamini.

Nikaacha mengine yote, wiki tatu nafanyia kazi bega tu, lisifunguke mpaka mguu utue. Na natazama mchanga pia, maana mchanga mbichi unasema kweli kama video. Mguu wa mbele ukibana vizuri unakuta kisigino kimechimba kishimo cha mviringo na vidole vimefagia pembeni, lakini ukikuta mfereji mrefu ujue umeteleza na nguvu yote imeishia pale chini. Nnaipiga picha alama ile kila siku. Sasa mita 65 nnazipata bila kutumia nguvu nyingi.

Wa Paje
Waalaykum salaam. Kwangu tatizo lilikuwa pa kuweka simu, miezi miwili naiweka chini mchangani inanitazama kutoka chini, kila pembe inadanganya, diski inaonekana imeinuka kumbe iko sawa, mpaka nlipoipandisha usawa wa kiuno juu ya dumu. Nnarikodi mara mbili, moja simu iko nyuma yangu nione kama mstari wa kuvuta umenyooka, moja inanitazama kifuani. Mie natumia mkono wa kulia, kwa hiyo asubuhi narusha kuelekea upande wa Jambiani, kifua kinatazama bahari, simu naiweka upande wa bahari na jua liko nyuma yake, picha inatoka safi. Na tieni sloo mosheni, ile ya fremu 240 kwa sekunde. Kwenye fremu 30 mkono wote ni ukungu, pale diski inapotoka vidoleni ndipo penye siri na ndipo pasipoonekana.

Dada wa Wete
Mie narusha baada ya alasiri kiwanja cha skuli na kaka zangu, mdogo wangu ndio ananishikia simu, na video zangu natazama mwenyewe simtumii mtu. Diski ilikuwa inapaa, inasimama hewani, inaanguka kushoto. Nkadhani sina nguvu. Video ikaonesha ncha ya mbele imeinuka tangu naivuta. Dawa yake ni kifundo cha mkono kuinamisha kidogo kama unamimina chai kutoka kwenye birika. Siku ile ile ikaanza kwenda.

Wa Mjini, Maisara
Natofautiana kidogo. Ukitazama video kila baada ya kurusha mwili unakakamaa, unaanza kufikiria kiwiko badala ya kurusha. Mie narusha kumi, natazama mbili, basi. Na tumieni ile diski ya polepole ya kutilia kikapuni, ile ya kasi inaficha makosa.

Wa Jambiani (mwenye uzi)
Sawa kabisa kaka, hata mie nlikakamaa wiki ya mwanzo. Ila kipindi hichi cha kusi nnaiamini video kuliko diski yenyewe. Ukirusha dhidi ya upepo, kwa sie wa mkono wa kulia diski inapinduka kulia hata umerusha vizuri, na ncha ikiinuka kidogo tu upepo unaibeba juu. Ukiupa upepo mgongo inashuka mapema. Mtu anabadilisha mkono wake uliokuwa mzima kwa sababu ya upepo, kosa kubwa hilo.

Wa Nungwi
Simu yangu haina sloo mosheni. Niache?

Wa Jambiani (mwenye uzi)
Usiache yakhe. Rikodi kawaida kwenye mwanga mwingi, kisha simamisha video uisogeze kidogo kidogo, bega na mguu utaviona, ni vidole tu ndio hutoviona. Na bamvua ijayo panda gari uje huku, yangu inayo hiyo 240, tukurikodi nyuma na kifuani. Njoo mapema, maji yakianza kujaa pwani hapakai mtu.