Kikombe cha Shigaraki: je, tanuru la matofali linaweza kukitoa?

Fundi wa Ruashi anauliza:

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nawasalimu. Kazi yangu ni kuchoma matofali ya udongo wa kichuguu, na nikipata nafasi hufinyanga vyungu na vikombe. Mteja wangu amenionyesha kikombe cha chai kilichotengenezwa Shigaraki, nchini Japani. Upande mmoja una wekundu wa kutu, na chembe nyeupe ngumu zimechomoza kwenye udongo. Upande wa pili umefunikwa na utando wa kijani unaong'aa, ulioteremka ukaganda kama tone karibu na kitako. Anasema hakuna aliyekipaka chochote, ni kazi ya moto peke yake. Naomba mnieleze jambo hilo hutokeaje, na kama nikipanga vikombe vyangu katikati ya matofali nitapata kitu cha namna hiyo.

Mwalimu wa Kemia, Kampemba:

Ndugu Fundi, mteja wako amesema kweli. Utando ule ni majivu. Katika tanuru la kale la Kijapani liitwalo anagama, ambalo ni kama handaki moja refu linalopanda mteremko, hakuna ukuta unaotenganisha kuni na vyombo. Mwali unapita katikati ya vikombe ukielekea kwenye bomba la moshi, na njiani unabeba majivu na kuyatua upande wa chombo unaoukabili moto. Joto likizidi nyuzi 1,200 za Selsiasi, kalsiamu na potasiamu zilizomo katika majivu huyeyuka pamoja na silika (madini ya mchanga) iliyomo katika udongo, na mchanganyiko huo ukipoa unakuwa kioo. Ndiyo maana kikombe kina uso na mgongo: sehemu aliyokiweka fundi ndani ya tanuru ndiyo iliyoamua sura yake.

Tanuru lako la matofali kwa kawaida haliendi mbali zaidi ya nyuzi 1,000, na kwa joto hilo majivu yatabaki vumbi utakalolipangusa kwa kitambaa. Tena udongo wa kichuguu, ambao kwa matofali hauna mfano, una chuma kingi, na ninahofia kwamba ukifikishwa kwenye nyuzi 1,250 utalegea na kuinama kabla majivu hayajayeyuka.

Mama Mfinyanzi, Katuba:

Nakubaliana na Mwalimu, ila ningependa Fundi ajue pia watu walio nyuma ya kikombe hicho. Tanuru la anagama liliingia Japani kutoka Korea katika karne ya 5. Shigaraki ni mojawapo ya vituo sita vya kale vya ufinyanzi vinavyoheshimiwa hadi leo, pamoja na Bizen, Tamba, Echizen, Seto na Tokoname. Kwa muda mrefu vyombo vya Shigaraki vilikuwa mitungi ya wakulima ya kuwekea mbegu na maji. Walioviingiza katika sherehe ya chai ni mabwana wa chai kama Murata Jukō na, baadaye, Sen no Rikyū aliyefariki mwaka 1591, ambao waliona uzuri katika udongo mkavu usiofichwa, wakati matajiri walikuwa bado wanatukuza vyombo laini vya China.

Huko Bizen huchoma kwa siku kumi na zaidi, usiku na mchana, kwa sababu udongo wao unaochimbwa chini ya mashamba ya mpunga hupasuka ukiharakishwa. Wengine hufunga chombo kwa mabua ya mpunga, nayo mabua yakiungua huacha mistari myekundu kwenye udongo. Mistari hiyo naipenda kuliko majivu yenyewe.

Nasi Katanga hatukuanza jana: makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yametoa vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, na vilichomwa kwa moto mdogo.

Fundi wa Ruashi:

Asanteni sana, Mwalimu na Mama. Basi nikijenga tanuru dogo lenye bomba refu, kuni nitazitoa wapi? Misitu ya miombo kuzunguka mji imekwisha kwa kuchomwa makaa, na siwezi kukata miti siku kumi mfululizo kwa ajili ya vikombe.

Mwalimu wa Kemia, Kampemba:

Usikate. Wajapani huchagua msonobari kwa sababu utomvu wake hutoa mwali mrefu. Wewe omba mabaki ya mbao kwa maseremala, yaliyo makavu na membamba, ambayo hayakupakwa rangi. Tanuru likiwa dogo halihitaji siku kumi kufika kwenye joto hilo, ingawa majivu yatakayotua yatakuwa machache. Kwa hiyo chekecha majivu ya jikoni, yachanganye na maji na udongo kidogo, upake begani mwa kikombe. Huko Japani nako wapo wanaopaka majivu kwa mkono tangu zamani. Lakini kabla ya vikombe, tafuta udongo mweupe zaidi, ufinyange vipande vidogo virefu kama kidole, uvisimamishe ndani ya tanuru karibu na moto. Kitakachobaki kimesimama wima ndicho kitakachokuonyesha udongo wa kutumia.