Jicho limeshatolewa, damu ya mtoto yapimwa nini?

Mama wa Wete: Assalaam aleikum. Mwanangu wa miezi 14 ametolewa jicho la kushoto kwa saratani ya retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, baada ya bibi yake kuona mboni iking'aa nyeupe kama ya paka. Daktari anataka damu yake ipimwe jeni ya RB1. Ya nini tena?

Mtu wa maabara, Unguja: Waaleikum salaam, pole dada. Jeni hiyo, iliyo katika kromosomu ya 13, huzuia seli kugawanyika ovyo, na uvimbe huota nakala zake zote mbili zinapoharibika. Hitilafu ikionekana hata katika damu, kama ilivyo kwa takriban asilimia 40 ya watoto hawa, basi jicho la pili limo hatarini na nduguze nao wapimwe. Uvimbe ukiwa bado jichoni hauchomwi sindano kutoa kipande cha kupima, kwani seli zaweza kutorokea nje ya jicho. Ndiyo maana watafiti wa Los Angeles husoma DNA ya uvimbe katika maji ya mbele ya jicho.

Baba wa Mkoani: Ulizeni pia kama kipande cha uvimbe kimehifadhiwa. Hitilafu ikijulikana humo kwanza, kuitafuta katika damu huwa rahisi.

Mama wa Wete: Ahsanteni. Dada yake ana miaka 3, nitampeleka naye.