Jimbo limehama chama, au mgombea tu ndiye kahama?

Mwalimu_Uyole:
Wakuu, habari za leo. Naandaa mada ya vyama vya siasa kwa kidato cha sita. Mbeya Mjini na Iringa Mjini zilikwenda Chadema 2010, zikabaki huko 2015, zikarudi CCM 2020. Mchungaji Msigwa, aliyekuwa mbunge wa Iringa Mjini miaka 10 kwa Chadema, naye akaingia CCM 2024. Je, hapo wapiga kura wamehama, au ni viongozi tu? Kuna namna ya kupima?

Kalenga76:
Mwalimu, inapimika, ila asilimia ziweke pembeni kwanza, hesabu kura. Urais 2005 Kikwete alipata kura milioni 9.1; 2010 akapata milioni 5.3. Zimepotea kama milioni 3.8. Chadema ilitoka laki 6.7 ikafika milioni 2.27, yaani imeongeza milioni 1.6 tu, na Lipumba wa CUF naye alipungukiwa zaidi ya laki 6. Kura nyingine za CCM zilikwenda wapi? Zilibaki nyumbani: waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 72 hadi 43. Kwa hiyo ukiona asilimia ya upinzani imeruka, usikimbilie kusema watu wamehama.

Baada ya hapo shuka kwenye kata. Chukua Ilomba, kwa mfano, chora safu tatu: rais, mbunge, diwani, kwa chaguzi tatu. Mbunge akipanda peke yake huku diwani wa chama chake akidoda, huo ni mvuto wa mtu. Safu zote zikipanda pamoja mara mbili mfululizo, chama kimeota mizizi. Angalia mipaka pia: Songwe ilimegwa kutoka Mbeya 2016, hivyo "Mkoa wa Mbeya" wa 2015 na wa 2020 si kitu kimoja. Na matokeo ya 2020 upinzani uliyakataa, kwa hiyo usisimamishe hoja nzima juu ya mwaka huo.

Dada_Njombe:
Naongezea upande wa sheria, maana ndio unaofanya viongozi wahame kwa mkupuo. Ibara ya 71(1)(e) ya Katiba: mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakwenda. Anayetaka kuhama bila kupoteza kiti husubiri muhula uishe. Silinde alikuwa mbunge wa Momba kwa Chadema. 2020 akagombea Tunduma kwa CCM, akashinda. Misimu hiyo ya kuhama haikuambii lolote kuhusu mpiga kura wa Tunduma.

UKAWA nayo, ule muungano wa vyama vya upinzani, iangalieni kwa makini. 2015 vyama vinne viliachiana majimbo, lakini karatasi ya kura haikuwa na jina la muungano. Lowassa, mgombea wao wa urais, alisimama kwa jina la Chadema, na viti maalumu vikagawiwa kwa kila chama kivyake: Chadema 36, CUF 10. Muungano wa namna hiyo hauachi mwanachama hata mmoja.

Mwalimu_Uyole:
Nashukuru sana, dada. Kuna mahali wapiga kura walihama kweli?

Kalenga76:
Zanzibar ndiyo mfano wa karibu. Machi 2019, baada ya mahakama kumpa Lipumba uenyekiti wa CUF, Maalim Seif, katibu mkuu wa CUF, alihamia ACT-Wazalendo, na ofisi za matawi zikabadilishwa rangi na bendera. Pale jina lilibadilika, watu wakabaki wale wale.

Wenye kuhama polepole ni Wamarekani wa kusini. Mississippi ilimpa Goldwater, mgombea urais wa Republican, asilimia 87 mwaka 1964, baada ya yeye kupinga sheria ya haki za kiraia. Lakini jirani yao Alabama, Bunge la jimbo lilibaki mikononi mwa Democrat mpaka 2010. Kura ya rais ilitangulia, ya mtaani ikafuata miaka 46 baadaye. Ndiyo maana nasisitiza safu ya diwani, mwalimu: ianze hiyo ubaoni.