Muvi ya jana usiku

*Dada:* Shikamooni wakubwa. Nani alichagua ile muvi ya jana? Nimeamka na hasira.

*Mimi:* Mimi, dada. Nisamehe, bango lake lilinivutia.

*Mjomba:* Marahaba. Kwani ilikuwa mbovu kiasi hicho?

*Dada:* Mjomba, ubovu naupenda, unanijua. Lakini masaa mawili namfuata yule mama anamtafuta mwanawe, nimeshalia mara mbili, halafu mwisho anashtuka kitandani, kumbe ndoto! Machozi yangu yamekwenda bure.

*Binamu:* Na lile giza! Mapigano yote sikumwona aliyepiga wala aliyepigwa. Wakiongea wananong'ona, ukiongeza sauti muziki unakupasua masikio.

*Shangazi:* Marahaba wanangu. Mimi bado niko na ile ya wiki iliyopita. Stelingi anaongea na mchumba wake, anabembeleza, machozi yanamtoka, na simu ameishika kichwa chini miguu juu. Nimekirudia kipande kile mara nne.

*Mimi:* Shangazi ulicheka mpaka ukateleza kwenye kochi 😂

*Shangazi:* Nilicheka, lakini yule kijana alilia kwa moyo wote. Nilimpenda.

*Mjomba:* Umegusa penyewe. Mwigizaji Bela Lugosi alifariki 1956, mwongozaji Ed Wood akabaki na vipande vichache tu alivyomrekodi. Akaviingiza kwenye muvi yake, Plan 9 from Outer Space, na sehemu zilizobaki akamchukua mtaalamu wa kunyoosha mgongo wa mkewe, mtu asiyefanana na marehemu hata kidogo, akamfunika uso kwa joho. Asiyejali angeacha. Yeye aliitaka muvi yake iishe.

*Dada:* Kama Tommy Wiseau na muvi yake The Room, 2003. Kaandika yeye, kaongoza yeye, kaigiza yeye. Mama anamwambia bintiye ana saratani, na habari hiyo haitajwi tena mpaka mwisho! Watu huenda ukumbini na vijiko vya plastiki, kila picha ya kijiko ikionekana kwenye muvi wanavirusha.

*Mimi:* Na zile zinazofanywa mbovu makusudi, ili tucheke?

*Mjomba:* Hizo hapana. Mtu anajitekenya, anacheka mwenyewe.

*Dada:* Hapo nakupinga, mjomba. Sharknado ilinifurahisha. Papa wamebebwa na kimbunga, nitanunaje?

*Mjomba:* Dakika kumi za kwanza, sawa. Baada ya hapo wanakukonyeza kila dakika.

*Binamu:* Mimi niseme ukweli. The Room niliitazama peke yangu, usiku, na sikucheka hata mara moja. Dakika zilijiburuta. Nikadhani kuna kitu mnakiona nyie, mimi sikioni.

*Shangazi:* Hapana mwanangu. Unamtazama wa pembeni, naye anakutazama, mmesikia upuuzi uleule kwa pamoja. Ndipo kicheko kinapotoka. Peke yako unabaki na ubovu mtupu.

*Dada:* Kweli kabisa. Ile ya ndoto hata tungekuwa hamsini isingecheksha.

*Dada:* *isingechekesha

*Shangazi:* Jumamosi tunairudia ya simu. Binamu, uje.

*Binamu:* Nakuja, shangazi. Niwekee nafasi kwenye kochi, upande wako.