Nimepata nafasi ya uzamili Padova, Italia. Mjomba anataka kuniwekea pesa za viza halafu azitoe. Naombeni ushauri

Binti_Kalenga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nina miaka 26, nimesoma misitu pale SUA, chuo cha kilimo Morogoro, na kwa miaka miwili nafanya kazi ya mkataba kwenye kitalu cha miche Mufindi. Mwezi uliopita nilipokea barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya misitu Chuo Kikuu cha Padova. Masomo ni kwa Kiingereza. Nililia kwa furaha. Nyumbani kwetu si mbali na Tosamaganga, tumekua tukiwaona madaktari wa Kitaliano wakija kwenye hospitali ile kupitia CUAMM, shirika lililoanzishwa huko huko Padova mwaka 1950. Kwa hiyo nilipomtajia mama jina la mji hakuuliza ni wapi, aliuliza tu naondoka lini.

Kinachonikwamisha ni pesa. Akiba yangu ni milioni 9, kama euro 3,000. Kwa ajili ya viza natakiwa kuonyesha kwamba naweza kujikimu mwaka mzima, na hesabu inakuja kama euro 7,000. Mjomba kasema ataniwekea milioni 12 kwenye akaunti, nichukue taarifa ya benki, viza ikishatoka anazitoa. Anasema watu wengi wamepita njia hiyo, na kwamba nikifika nitapata borsa (ruzuku ya masomo ya mkoa) na kazi za saa chache.

Wazazi wangu ni wakulima wa mahindi na viazi, sitegemei kitu kutoka kwao. Mliopo huko, borsa ni ya uhakika kiasi gani? Niende hivyo hivyo au niache mwaka huu upite?

Mzee_wa_Posta

Hongera sana mwanangu. Nafasi kama hii haiji kila siku. Nenda, mengine yatajulikana mbele ya safari.

Mkuyu_wa_Bondeni

Mzee wangu Posta, shikamoo. Kwa heshima zote, hayo "mengine" mimi nimeyaishi. Naomba nimweleze mdogo wangu.

Dada, mimi nipo Padova mwaka wa nne sasa. Nilikuja na akaunti ya kukopa kama hiyo anayokutayarishia mjomba. Siku viza ilipotoka kaka yangu alitoa pesa zake, nikapanda ndege na euro 900. Kuna jambo moja sikulijua: borsa unaomba vuli, matokeo yanatoka majani yameshapukutika, na fungu la kwanza linaingia wakati umeshalipa kodi ya pango miezi kadhaa kwa pesa zako mwenyewe. Hapo ni kama umo kwenye orodha ya wanaolipwa. Mimi niliandikiwa *idoneo non beneficiario*, maana yake una sifa zote lakini fedha za mkoa hazikutosha kukufikia. Ada nilisamehewa, maana sheria inamsamehe hata huyo aliyekosa fungu, ila msamaha wa ada haupikwi.

Nikaanza kusambaza chakula kwa baiskeli usiku. Desemba ukungu wa huku unashuka mpaka huoni taa ya barabarani iliyo mbele yako, vidole vinakufa ganzi kwenye breki. Narudi saa sita usiku, asubuhi mtihani wa mdomo. Kuna profesa alinisubiri nijibu, nikamtazama tu, maneno hayaji. Akaniambia kwa upole nirudi awamu ijayo. Fedha za mkoa zilipoongezwa nikaingia kwenye orodha, nikashukuru Mungu. Ila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatakiwa awe na krediti (pointi unazopata kwa kila mtihani unaofaulu) zisizopungua 20 kufikia tarehe 10 Agosti, ndipo apewe fungu la pili. Mimi nilikuwa na 12. Na ukifika mwisho wa Novemba bado hujafikisha, wanafuta borsa yote na unadaiwa hata lile fungu uliloshakula. Nilifikisha Septemba kwa kusomea jikoni, wenzangu wa nyumba wamelala.

Kwa hiyo jibu langu: usije na pesa ya kuonyesha. Njoo na pesa ya kula.

Asha_Torino

Naunga mkono hoja ya Mkuyu, na niseme hili waziwazi: ile taarifa ya benki ni tamko lako kwa ubalozi. Ukionyesha pesa ambayo unajua si yako, umeanza safari kwa kusema uongo kwenye karatasi yenye sahihi yako. Mjomba ana nia njema, simlaumu. Lakini mwambie abaki kuwa mdhamini wa kweli, hata kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Kuhusu kazi: kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu saa 20 kwa wiki, zisizidi 1,040 kwa mwaka. Bila Kiitaliano utaishia kuosha vyombo au kusambaza chakula. Vyuo vina kazi zao za ndani zinazoitwa *150 ore*, za maktaba na ofisini, nzuri mno, ila kwa kawaida hawapewi wa mwaka wa kwanza. Anza Kiitaliano leo, hata dakika 30 kila jioni.

Binti_Kalenga

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Kaka Mkuyu pole kwa uliyopitia. Sasa niulize: kwa upande wa borsa, kipato cha wazazi wangu nitakithibitishaje? Baba hana karatasi ya mshahara. Anauza viazi kwa gunia, mwaka mwingine vinaoza shambani.

Mkuyu_wa_Bondeni

Swali zuri, na hapa ndipo wenzetu wengi hupoteza borsa wakati wana haki nayo kabisa.

Italia wanapima uwezo wa familia kwa hesabu inaitwa ISEE. Sisi ambao familia na kipato viko nje tunafanyiwa *ISEE parificato*, kwenye ofisi za CAF, zinazosaidia watu mambo ya kodi. Hawatakuuliza kipato cha mwaka huu. Wanataka cha miaka miwili nyuma: wanafamilia ni nani, kila mmoja alipata kiasi gani, nyumba ina ukubwa wa mita za mraba ngapi na ni ya nani, na akaunti za benki zilikuwa na kiasi gani tarehe 31 Desemba. Na wewe uliyekuwa na mshahara wa kitaluni, wako nao unaingia humo.

Karatasi za nyumbani lazima zitoke kwa mamlaka, zitafsiriwe Kiitaliano, zihalalishwe na ubalozi wa Italia Dar. Kwa mkulima, safari inaanzia kwa mtendaji wa kijiji. Lakini usimwache aandike "ni mkulima mdogo mwenye kipato cha chini" halafu agonge muhuri. CAF hawajui kuweka maneno hayo kwenye hesabu. Wanataka tarakimu: mwaka fulani, baba, shilingi kadhaa; mama, shilingi kadhaa. Kaa na baba mhesabu magunia ya mwaka ule, bei ya ule msimu, gharama za mbolea, yaandikwe kama yalivyo. Kisha uliza ubalozini wanataka karatasi ipite kwa nani kabla haijafika kwao. Fanya kabla hujaondoka. Mimi nilimwacha mdogo wangu afuatilie, karatasi ikarudishwa mara mbili kwa sababu jina la baba lilitofautiana herufi moja na la kwenye cheti changu cha kuzaliwa.

ISEE ikiwa chini ya euro 22,000 husamehewa ada kisheria nchi nzima, na vyuo vingine vimepandisha kiwango hicho. Familia ya viazi na mahindi Iringa haifiki huko. Na ombi lenyewe unajaza mtandaoni, kwenye Uniweb ya chuo. Tarehe ya mwisho wakisema saa saba mchana, saa saba na dakika moja mlango umefungwa.

Nyota_ya_Bujumbura

Dada hongera! Mimi nilimaliza hapo Padova, sasa niko Ubelgiji. Niongezee mambo ya wiki ya kwanza, kwa sababu hayasubiri.

Ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie, omba kibali cha kuishi. Unaenda posta yenye dirisha la *Sportello Amico*, unapewa bahasha ya fomu bure, unajaza, unairudisha pale pale bila kuifunga. Andaa stempu ya *marca da bollo* ya euro 16 (inauzwa kwenye maduka ya tumbaku), euro 70.46 za kadi, na euro 30 za posta. Risiti watakayokupa itunze kama paspoti, na ina tarehe yako ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi.

Bima ya afya: kujiandikisha kwenye huduma ya taifa kwa hiari, kwa mwanafunzi, kulikuwa chini ya euro 150. Tangu 2024 ni euro 700, na mwaka wake unahesabiwa Januari hadi Desemba. Ukilipa Oktoba umenunua miezi mitatu kwa bei ya kumi na mbili! Wengi huanza na bima binafsi ya bei nafuu mpaka Januari, ndipo waamue.

Chumba: usitume hata senti kabla wewe au mtu unayemwamini hajakanyaga chumba hicho. Na mkataba uwe umesajiliwa, maana huo ndio utakaouonyesha kwenye kibali na kwenye borsa. Mimi mwenye nyumba wa kwanza aliniambia "tuelewane tu, mkataba wa nini". Nilipohitaji uthibitisho wa anwani akanikana.

Asha_Torino

Omba na kitanda cha ESU, wao ndio wanaoshughulikia mabweni na mensa (kantini ya wanafunzi) Padova. Ukipewa, gharama inakatwa kwenye borsa yenyewe. Mensa ni msaada mkubwa: tambi au wali kwanza, halafu nyama au samaki, mboga, mkate, tunda. Ukila mchana pale, usiku unaweza kumaliza kwa chai na mkate.

Mtafiti_Mpole

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Mnamtisha dada. Watu wamekuja na pesa pungufu wakamaliza vizuri. Akiacha mwaka huu hakuna uhakika nafasi itamsubiri, huku mara nyingi unaomba upya kuanzia sifuri.

Mkuyu_wa_Bondeni

Hakuna aliyemwambia aache, mkuu. Namwambia asitegemee fungu la Desemba kulipa chumba cha Oktoba. Akiwa na pesa halisi za miezi sita au saba mkononi, atasoma ametulia, na akisoma ametulia krediti 20 ni mitihani minne ya kawaida. Alama za kufaulu ni kuanzia 18 hadi 30, awamu zipo kadhaa kwa mwaka, na ukipewa alama usiyoipenda unaruhusiwa kuikataa ukarudia. Mfumo wao una huruma, ila haukusubiri.

Na dada, nikuambie na ya kufurahisha, maana nimekujaza hofu. Idara yako ipo Agripolis, Legnaro, nje kidogo ya mji, mashamba pande zote. Utajisikia uko Morogoro siku za baridi. Rafiki yangu wa kozi yako alipelekwa milimani kwenye Dolomiti, kule ambako dhoruba ya Vaia ya Oktoba 2018 iliangusha misitu usiku mmoja. Anasema alisimama juu ya kilima, miti imelala yote upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa, na ile iliyobaki wima inakauka kwa wadudu wa magome waliozaliana kwenye mizoga ya ile iliyoanguka. Wewe uliyelea miche ya misindano Mufindi utakuwa na maswali ambayo wenzako darasani hawana.

Siku ukihitimu utavishwa taji la majani ya laureli, rafiki zako watabandika *papiro*, karatasi kubwa yenye picha yako na maisha yako yote kwa mashairi, na utaisoma kwa sauti barabarani watu wakipita. Nitakuja kushangilia.

Binti_Kalenga

Wapendwa, narudi baada ya siku tisa. Nimekaa na mjomba jioni nzima. Nilimsomea maneno ya Kaka Mkuyu, yale ya baiskeli na ukungu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ningekuweka huko bila chakula?" Tumekubaliana hivi: milioni 12 ataziweka na zitabaki kwenye akaunti, ni mkopo, tumeandikiana mbele ya mama. Borsa ikitoka namrudishia kwanza yeye. Isipotoka, nitamlipa nikipata kazi, amesema hana haraka.

Leo nilikuwa kwa mtendaji na baba. Alikuwa ameshaandika "mkulima mwenye kipato cha chini", kalamu ikiwa bado mkononi. Nikamwomba karatasi nyingine. Baba akahesabu magunia kwa vidole, mwaka ule yalikuwa 34 ya viazi. Kaka Mkuyu, kwenye cheti changu jina la baba lina "h" ambayo kwenye kitambulisho chake haipo. Naanzia wapi, RITA kwenye usajili wa vizazi au kwa mwanasheria?

Mkuyu_wa_Bondeni

Anzia RITA, uwaulize kama wanaweza kusahihisha cheti chenyewe. Wakikuambia itachukua muda, kiapo cha mwanasheria kitakusogeza, lakini waulize ubalozi kwanza kama watakipokea. Nenda kesho asubuhi, beba cheti halisi na kitambulisho cha baba, nakala usizitegemee.