Mjadala: Maji safi, majitaka na maji ya mvua, yote yawe chini ya mamlaka moja?

Bi Dira (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Miji mingi imeyagawa maji mafungu matatu. Yanayokuja bombani yana mamlaka yake. Yanayotoka chooni yapo kwenye mamlaka hiyohiyo, ila yametupiwa kitengo cha pembeni kisicho na gari wala bajeti. Yanayotoka mawinguni ni ya halmashauri, au ya watu wa barabara, au hayana mwenyewe. Msimamo wangu: yote yawe chini ya bodi moja, mkurugenzi mmoja, na ramani moja inayoonyesha kila bomba, kila chemba ya majitaka na kila mtaro wa mvua.

Sababu kubwa ni hii. Bomba la maji safi likikosa msukumo, kwa mgao au kwa pampu kuungua, linaanza kunyonya kupitia palepale lilipokuwa linavujia. Kama limepita kwenye udongo uliolowa majitaka ya chemba iliyofurika, kinachoingia mnakijua. Mwenye bomba yuko ofisi hii, mwenye chemba yuko ofisi ile, wanaandikiana barua huku watu wanaharisha. Anayepinga aseme kwa nini.

Karani Mstaafu:
Napinga nusu. Idadi ya ofisi siyo tatizo, tatizo ni nani anamsimamia msimamizi. Uingereza tangu 1989 kampuni kubwa za kanda zinashika maji safi na majitaka kwa pamoja, na mdhibiti waliwekewa, Ofwat. Bado mwaka 2021 Southern Water ilipigwa faini ya pauni milioni 90 kwa kumwaga majitaka mitoni na baharini. Kuunganishwa hakukuwazuia.

Nyundo:
Karani usituchanganye, hiyo ni kampuni binafsi, inatafuta faida. Paris walirudisha maji mikononi mwa jiji 2010 na jiji halijakauka.

Karani Mstaafu:
Na Flint, Michigan, Marekani, maji yalikuwa ya umma. 2014 wakabadili chanzo ili kubana matumizi, maji ya mto hayakutiwa dawa ya kulinda mabomba yasilike, madini ya risasi yakatoka kwenye mabomba ya zamani yakaingia miilini mwa watoto. Wananchi walibeba chupa za maji yenye rangi mpaka mikutanoni, wakaambiwa yako salama.

Nyundo:
Flint walikuwa wamenyang'anywa madaraka, meneja aliteuliwa na jimbo. Hilo umeliruka makusudi.

Zege Tupu:
Mnahangaika na Paris. Chemba zinafurika kwa sababu watu wanaunganisha gata za paa, zile za kukinga mvua, kwenye chemba ya majitaka, na wanaowafanyia kazi hiyo usiku ni haohao vibarua wa kuzibua. Mtu hajui lolote zaidi ya kusukuma waya, ndiye mnayemkabidhi afya ya mji. Wekeni wenye vyeti kwanza, bodi baadaye.

Fundi Chemba:
Zege, nimerudia kusoma ili nisikuonee. Mimi nazibua chemba, ndiyo kazi inayolisha wanangu. Wewe umewahi kufungua mfuniko? Ukifungua huingii. Unafungua huo, na wa chemba ya juu yake, na wa chemba ya chini yake, unaacha hewa ipite. Ile harufu ya mayai viza ni gesi ya sulfidi hidrojeni. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikizidi, pua inakufa ganzi, unadhani gesi imeisha, kumbe ndipo inapoua. Ni nzito kuliko hewa, inatulia chini pale anaposimama mtu. Mwenzake akishuka kumwokoa bila kamba wala kinyago cha hewa, inakuwa misiba miwili. Anayetutuma chini bila kipima gesi ni huyohuyo mwenye cheti chako, amekaa garini kioo kimepandishwa.

Zege Tupu:
Sijagusa utu wa mtu. Walkerton, Ontario, Kanada, mwaka 2000, waendeshaji wa mtambo walipewa leseni kwa uzoefu tu bila mtihani. Wakawa wanajaza vipimo vya klorini vya kubuni kwenye daftari. Wakafa watu 7 na zaidi ya 2,000 wakaugua. Uzoefu huo.

Fundi Chemba:
Kwa hiyo waliobuni namba Kanada ndio mimi?

Karani Mstaafu:
Zege, mfano wako unakurudia. Daftari lilijazwa uongo kwa miaka na hakuna mkaguzi aliyelitilia mkazo. Mwenye cheti naye angeweza kuandika uongo uleule. Kinachomzuia mtu ni kujua kwamba kesho atakuja mwingine na kipimo chake mwenyewe, asiyelipwa na ofisi hiyohiyo.

Zege Tupu:
Fundi bado hajajibu nani anaunganisha gata usiku.

Fundi Chemba:
Anayelipa. Uani kwake kumejaa maji, mtaro wa nje jirani kaupandishia ukuta, ofisi ya mitaro haipokei simu, na mfuniko wa chemba uko hatua chache kutoka mlangoni. Mimi nikikataa anaita mwingine.

Mpangaji Sugu:
Na akishaunganisha, kinyesi kinatokea kwangu mimi wa bondeni. Mvua ikishika kasi, choo kinaanza kugugumia, kisha kinapanda kwenye tundu la sakafu ya bafu, na karatasi za watu nisiowajua. Nikienda mamlaka ya maji wanasema hayo ni maji ya mvua. Nikienda halmashauri wanasema hayo ni majitaka. Nafagia uchafu wa mtaa mzima huku ninyi mnaulizana nani ana cheti!

Bi Dira:
Mpangaji, pole sana. Hicho ndicho ninachokililia. Maji yaleyale, sakafu ileile, ofisi mbili, na kila moja ina haki kisheria kukufukuza.

Mhandisi wa Mitaro:
Tuweke hesabu, maana watu wanadhani gata moja haina madhara. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30 ndani ya saa moja, ni lita 3,000. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 100, inatoa lita 500 kwa siku nzima. Paa moja kwa saa moja linashusha chemba majitaka ya siku 6. Bomba la majitaka la mtaani halikujengwa kwa mzigo huo. London walijenga mifereji mikubwa inayobeba majitaka na mvua pamoja, na hata hiyo, mvua ikizidi, ilimwagikia mto Thames, mpaka wakachimba handaki la kilomita 25 kuyadaka.

Dawa ipo. Philadelphia, Marekani, wanamtoza mwenye kiwanja kisicho cha makazi hasa kwa ukubwa wa eneo lisilopitisha maji ardhini. Miji mingi ya Ujerumani vilevile. Ukiacha udongo na majani unalipa kidogo, ukimwaga zege kiwanja kizima unalipa zaidi.

Kiwanja Changu:
Hapo sasa! Nilikuwa nasoma kimya, kumbe safari yote ilikuwa inaelekea kwenye tozo. Mvua ya Mungu, haijapita kwenye dira ya maji ya mtu, mnataka kuipigia bili?

Zege Tupu:
Mtu amejinyima amemwaga zege uani watoto wasicheze kwenye tope, aje atozwe kwa usafi wake. Hapana.

Mhandisi wa Mitaro:
Hulipii mvua. Unalipia mtaro, kalvati na bwawa la kuyatuliza, kwa sababu maji yaliyokuwa yakizama kwako sasa unamsukumia wa chini.

Kiwanja Changu:
Mtaro upi? Wa kwangu umeota majani marefu kuliko mwanangu. Safisheni kwanza, ndipo mje na bili. Na wenye maghala makubwa? Na nyumba za ibada?

Nyundo:
Hapa niko na Kiwanja. Maryland, Marekani, walipitisha sheria ya kulazimisha tozo hiyo 2012, wapinzani wakaibatiza kodi ya mvua, na 2015 ulazima ukaondolewa. Ukimtoza mnyonge sawa na mwenye ghala, unajitafutia maandamano.

Mhandisi wa Mitaro:
Umenisoma lakini? Ghala lina paa mara hamsini ya kibanda. Leo, mitaro ikilipiwa kwa kodi ya jumla, mwenye kibanda ndiye anayembebea mwenye ghala.

Kiwanja Changu:
Kwenye karatasi. Mkishakuja kupima mtaanza na sisi, ghala lina mlinzi getini.

Karani Mstaafu:
Tozo siiogopi, naogopa mfuko inakoingia. Ikiingia mfuko mkuu, kufikia Juni imeshanunua viti vya ukumbi. Iwe na akaunti yake, hesabu zake zibandikwe ukutani. Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993 zaidi ya asilimia 70 ya maji yalikuwa yanapotea. Ek Sonn Chan akapewa kuongoza mamlaka ya maji ya mji huo, baadaye mamlaka ikapewa uhuru wa fedha zake, wakafunga dira, wakawadai wakubwa na ofisi za serikali zilizozoea maji ya bure. Upotevu ukashuka chini ya asilimia 10.

Nyundo:
Huyo alishika maji safi tu. Mitaro ilikuwa ya wengine. Bi Dira, mfano mnaousifu unakupinga.

Bi Dira:
Haunipingi. Unaonyesha kwamba ukitaka kazi, lazima mtu mmoja ajibu. Mimi nataka huyo mtu mmoja ajibu na chemba pia.

Zege Tupu:
Mtu mmoja mwenye cheti.

Fundi Chemba:
Umeanza tena.

Mpangaji Sugu:
Jamani. Mvua haijaisha. Kuna anayeweza kuniambia nitajuaje ni nyumba zipi za juu zimeunganisha?

Fundi Chemba:
Dada, hilo linapimika mchana kweupe. Mvua ikikata, wanaziba bomba la majitaka juu na chini ya kipande kinachopimwa, wanapuliza moshi maalumu usio na sumu kupitia chemba. Moshi kutoka kwenye bomba la hewa la choo ni sawa. Ukitoka kwenye gata, nyumba hiyo imeunganisha. Wakitaka uhakika wanamwaga maji ya rangi kwenye gata na kuangalia chemba ya chini. Wewe kwa sasa dai ufungiwe vali ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba lako la kutoka. Na ukaguliwe mara kwa mara, maana ikinasa kitambaa haifungi.

Mpangaji Sugu:
Asante fundi. Amri ya kupuliza moshi anatoa nani?

Mhandisi wa Mitaro:
Chemba ni ya mamlaka, lakini kumwingilia mtu kwenye gata yake na kumwambia aikate, mara nyingi ni sheria ndogo za halmashauri. Utahitaji wote wawili.

Mpangaji Sugu:
Basi naandika barua mbili leo usiku, nakala kwa mdhibiti. Bi Dira, nisaidie kuziandika, nimekutumia ujumbe.