Mwalimu mpya wa ufundi: apewe mlezi, au aachiwe karakana ajitafutie?

MwalimuWaAmali
Wakuu, heshima kwenu. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, umeanza sekondari tangu Januari 2024. Hapa Dar namfahamu mwenzetu aliyeripoti shuleni, siku hiyohiyo akakabidhiwa funguo za karakana, rejesta na darasa. Fani ya umeme pale shuleni ni yeye tu. Mwalimu wa Hisabati akikwama anageukia meza ya pili. Wa umeme amgeukie nani? Hoja yangu: mwaka wa kwanza wote, kila mwalimu mpya wa ufundi awe na mwalimu mlezi wa fani yake, hata kama mlezi yuko chuo cha jirani, na vipindi vya wote wawili vipunguzwe ili wapate muda wa kukaa pamoja karakana. Mnasemaje?

FundiGerezani
Mtu katoka chuo cha Morogoro na cheti cha ualimu wa ufundi, bado anataka kushikwa mkono? Sisi wenye gereji mtaa wa Gerezani tunapokea wanafunzi wa field, mafunzo ya vitendo, kila mwaka. Walimu wao wakija kuwakagua, hata grenda hawajui kuishika. Wanasaini daftari, wanaondoka. Tatizo ni kufundisha kazi ambayo hujawahi kuifanya. Mlezi hawezi kutibu hilo.

MamaKarakana
Kaka wa Gerezani, hilo la grenda umelitoa wapi? Mimi nimepita Morogoro, na kabla ya hapo nimechomelea mageti Mbagala hadi macho yakawa mekundu. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro unaingia ukiwa tayari na cheti cha fani. Pale unaongezewa namna ya kufundisha. Usitutukane wote kwa sababu ya mmoja uliyemwona.

FundiGerezani
Dada, sijamtukana mtu. Ila cheti si kazi. Mpe huyo mwenye cheti giaboksi ya Fuso aifungue na kuirudisha, halafu hesabu bolti zitakazobaki mezani.

KijanaWaTemeke
Na wewe tukupe vijana arobaini na ubao, tuone. Nimejifunza gereji, nayajua malezi yenu. Fundi wangu nikimuuliza kwa nini tunaweka kipuri hiki, jibu lake ni "shika tochi". Nilikaa muda mrefu nikishika tochi. Nilichoelewa kuhusu mfumo wa breki nilikielewa chuo cha ufundi stadi cha VETA, Chang'ombe, kwa mwalimu aliyekuwa tayari kurudia mara tatu bila kufoka.

FundiGerezani
Usinibebeshe mabaya ya fundi wako. Vijana waliopita mikononi mwangu leo wana gereji zao, Tandika mpaka Kigamboni. Na msituone wajinga: VETA wenyewe wana utaratibu wa kuwatahini mafundi tuliojifunzia kazini na kutupa vyeti. Serikali inautambua ujuzi wetu, nyie mnaukataa.

MamaKarakana
Hakuna aliyeukataa. Cheti kile kinasema unaijua fani. Hakisemi unajua kumfundisha anayeogopa cheche.

MzeeWaKeko
Mnagombea nani bora, wakati wote wawili mmepungukiwa na kitu kimoja. Sheria ya VETA ni ya 1994, na sisi wengine tulikuwa karakana hata kabla yake. Mwalimu mgeni alikuwa anawekwa karakana moja na mkongwe. Mkongwe anafundisha, mgeni anapanga vifaa na kutazama. Baadaye mgeni anafundisha, mkongwe yuko pembeni kimya, wanafunzi wakitoka ndipo anamwambia ukweli. Haikuwa imeandikwa popote. Wakongwe wale walipostaafu, desturi ikaondoka nao.

Mdau_Ubungo
Mbona kuna MEWAKA? Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanafanyika hukohuko shuleni. Mnataka kuanzisha kitu ambacho kipo.

MwalimuWaAmali
MEWAKA naifahamu, na ni nzuri. Walimu wanakaa kwenye jumuiya yao ya ujifunzaji, wanajadili mada ngumu. Sasa mwalimu pekee wa umeme akipata utata wa kufunga saketi ya njia tatu, mwalimu wa Jiografia atamsaidiaje? Ndiyo maana nikasema mlezi atoke hata nje ya shule.

Mdau_Ubungo
Sawa, na huyo mlezi wa nje nani atamlipa nauli? Kutoka Kipawa hadi Kibamba si mchezo.

KijanaWaTemeke
Waajiri si wanalipa SDL? Ile tozo ya kuendeleza ujuzi, ilikuwa asilimia 4 ya mishahara ikashushwa hadi 3.5 mwaka 2023. Nauli ya mlezi itoke huko.

Mdau_Ubungo
Tozo hiyo kila mtu anaikodolea macho. Mimi ni mwajiri mdogo, naijua inavyouma. Anzeni kutuonyesha ya sasa inafika wapi.

MzeeWaKeko
Nyie mnabishania tozo, wakati cha kuzungumzia ni vidole vya watoto. Grenda haimsubiri mwalimu azoee.

MamaKarakana
Mzee wangu, shikamoo. Umegusa penyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mashine mbili za kuchomelea na darasa limejaa. Kuchomelea nilikuwa najua. Sikujua niwagawe vipi: nani achomelee, nani apime na kukata, nani achore, na mimi nisimame wapi ili niwaone wote. Hiyo ningeambiwa na mwalimu wa zamani kwa asubuhi moja tu. Kijana akaungua mkono kabla sijaipata njia. Andalio la somo langu mkaguzi alilisifu, lakini karakana hakuingia.

FundiGerezani
Dada, pole kwa huyo kijana. Hilo la kuwagawa kwa zamu hata mimi lingenishinda, gereji yangu ina vijana watatu. Kama mlezi kazi yake ni hiyo, awepo. Ila mwalimu naye aje gereji wakati wa likizo afanye kazi, asije kusaini daftari. Na hiyo nauli msije mkaitafuta kwa wazazi.

Mdau_Ubungo
Wala kwa waajiri.